Chumba cha Kuamkia

Wiki iliyopita tulimzika Mama Masika huko Beni, katika komini ya Ruwenzori. Siku hizi, kwa hofu ya wenye bunduki barabarani, mtu anayetoka Butembo kwenda kuzika Beni anataka awe amerudi nyumbani jua likiwa bado juu, kwa hiyo mchungaji aliombwa afupishe. Akafupisha nyimbo, akafupisha salamu za ukoo, hata mahubiri akayafupisha. Kitu kimoja hakukigusa. Alisimama kando ya udongo uliochimbwa asubuhi ile, akasimulia upya habari ambayo karibu kila mtu pale alikuwa ameisikia tangu utoto: kwamba dada yetu huyu, alipopasuliwa ili azae mtoto wake wa kwanza katika hospitali moja ya Butembo, alikufa juu ya meza, akaenda mbinguni, akaona mwangaza usio wa jua, kisha akarudishwa ili aje ashuhudie. Watu wakasema Amina. Nami nikasema Amina, na sikusema uongo. Mama mmoja aliyesimama karibu nami akaninong'oneza, “Mama, na weye ulikuwa unamujua?” Nikamjibu, “Nilimujua kidogo.” Daktari aliyeshika kisu siku ile amekufa. Mwalimu wangu, Tata Isaya, amekufa. Sasa Masika naye amekwenda, na kati ya sisi tuliofanya kazi katika chumba kile nimebaki mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyemtia dawa. Siandiki haya ili nibomoe imani ya mtu. Ninaandika kwa sababu nimezeeka, na Mungu amenivumilia kuliko nilivyostahili, na mtu aliyevumiliwa asiposema ni kana kwamba hakushukuru.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Nilikuwa nimeshuka kutoka Lubero na cheti changu cha uuguzi, sanduku la bati na blanketi mbili, nikidhani Butembo nitakuta joto. Sikulikuta. Hospitali ilikuwa juu ya kilima, na asubuhi ukungu uliingia hadi ndani ya korido, ukakaa pale kama mgonjwa anayengoja zamu yake. Nilitumwa kujifunza kazi ya kulaza. Ndivyo tulivyoiita, kumlaza mtu ili asisikie kisu. Daktari wa usingizi hatukuwa naye, na mpaka leo hospitali nyingi za kwetu hazina. Tulikuwa na Tata Isaya, muuguzi mzee, shemasi wa kanisa, mwenye mikono mikavu iliyonukia sabuni, na tulikuwa na ketamini. Asiyewahi kuiona dawa hiyo ikifanya kazi ataniwia radhi nikieleza. Usingizi wake si usingizi. Mwanamke anaendelea kupumua mwenyewe, moyo unapiga kwa nguvu, na ndiyo maana inafaa mahali pasipo na mashine. Lakini macho yanabaki wazi. Yanakwenda polepole upande huu na upande ule, kama ya mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. Mkono unaweza kuinuka. Mdomo unaweza kutoa neno. Unamkata, naye hayupo. Halafu dawa ikipungua anarudi, na katika kurudi huko kuna mahali anapita. Wengine hulia, wengine hucheka, wengine hukuambia walikuwa wamebandikwa kwenye dari wakimtazama mwanamke fulani anashonwa, na walimhurumia sana, wasijue kwamba ni wao wenyewe.

Tata Isaya alikuwa na desturi zake, na alitaka nizishike zote. Kabla ya kumtia mwanamke dawa aliinama karibu na sikio lake na kumuuliza, “Unataka kwenda wapi?” Mara ya kwanza nilidhani anatania. Alikuwa anauliza kweli, na alingoja jibu. Wanawake wengi walisema shambani. Mmoja alitaja viazi vya kwao: “Ku Masereka, ku shamba yetu ya bibazi, asubuhi, mbele jua itoke.” Tata Isaya akamwambia, “Bon, uende. Uangalie bibazi vizuri, usiharakishe kurudi.” Kisha alifunika macho yale yaliyobaki wazi kwa kitambaa kilicholowanishwa maji, yasikauke. Kazi ikiisha alimpa diazepamu kidogo ili kurudi kwake kuwe kwa upole, tukamsukuma hadi chumba cha kuamkia, na huko hakuna mtu aliyeruhusiwa kumgusa wala kumsemesha. Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya maharagwe, na siku za mvua harufu ya magunia ilitoka kwenye kuta. Vioo vya dirisha vilipakwa rangi ya buluu ili mwanga usiwe mkali. Kulikuwa na vitanda vinne, kiti kimoja, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya katika ile buluu na kusikiliza pumzi za watu. Nimekaa katika makanisa mengi tangu wakati ule, na sijapata kukaa mahali palipofanana zaidi na kungoja hukumu.

Hapo ndipo lazima nimtaje Esiteri. Tulilala kitanda kimoja katika bweni la shule ya uuguzi kule Lubero kwa miaka mitatu, miguu yake baridi mgongoni mwangu. Mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia alikufa kwa kutokwa damu akiwa na mimba ambayo haikuwa na mume. Wazee wa kanisa walikaa wakakata shauri kwamba azikwe, lakini asiimbiwe. Nilikuwepo. Tulimshusha chini tukisikia koleo tu, na mvua kwenye mwavuli wa mchungaji. Mimi nililelewa kuamini kwamba wazee wa kanisa wanapofunga jambo hapa chini limefungwa na kule juu, kwa hiyo sikuwalaumu, niliogopa tu. Nilipiga magoti kila jioni nikiuliza yuko wapi, na sikujibiwa. Nikaenda Butembo nikiwa na swali hilo, na kazi niliyopewa ilikuwa kuwapeleka wanawake mahali na kuwangoja warudi.

Mwezi wa tatu tulimlaza mwanamke mmoja wa shambani, mtoto wake alikuwa amekingama tumboni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Katika chumba cha kuamkia alianza kutabasamu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na jirani juu ya uzio, “Huyu binti wa kitambaa ya kijani, anaimba vizuri.” Esiteri alikuwa na kitambaa cha kichwa cha kijani, na aliimba sauti ya pili katika kwaya ya shule. Nikavunja kanuni ya Tata Isaya. Niliinama nikauliza, “Binti gani, mama? Anaitwa nani?” Mwanamke akageuza uso upande wangu bila kuniona, akasema, “Ameenda,” na machozi yakamtoka. Alipoamka vizuri nilimuuliza tena. Hakukumbuka kitu. Aliomba uji.

Kila hospitali ya kwetu ina jiko la nje, ambako ndugu wanaowahudumia wagonjwa hupika, na mtu akitaka kujua habari za mji aende pale. Nilianza kwenda kula huko mchana, bugali na sombe ya majani ya mihogo katika moshi, badala ya kula na wauguzi wenzangu. Mama mmoja wa maombi alikuwa akisema juu yetu sisi wa bloc, chumba cha upasuaji, “Bamama banapita mupaka karibu na mulango ya mbingu, batu ba bloc hapana kusikiliza.” Mwingine akamcheka: “Weye! Dada yangu alitoka mule akasema bwana yake ni mbuzi. Na ile ni unabii?” “Mais bwana yake si ni mbuzi?” akajibu wa tatu, na jiko zima likaangua kicheko. Hata hivyo niliona kwamba kila mgonjwa alipopelekwa kupasuliwa, nje ya chumba chetu kulisimama mtu wa ukoo akiwa na daftari, akingoja kuandika neno la kwanza la mgonjwa. Niliwadharau kidogo, kwa kuwa nilikuwa na cheti. Wakati huohuo nilikuwa nikifanya jambo baya kuliko lao. Nilipobaki peke yangu kwenye kichwa cha meza, badala ya kuuliza kama Tata Isaya alivyonifundisha, nilinong'ona: “Kule ukikutana na binti anaitwa Esiteri, umuulize kama banamuimbia.” Na ile diazepamu ya kulainisha njia ya kurudi, nikaanza kuiacha. Niliandika kwenye karatasi kwamba nimeitoa. Niliitaka ndoto yao ije nzima, isilainishwe.

Nao walimwona. Sitawadanganya wasomaji: walimwona. Mmoja alimwona amekaa kwenye ngazi. Mmoja alisema kulikuwa na msichana mlangoni ambaye hakukaribishwa. Mwingine, mke wa mwalimu, alipiga kelele mpaka ikabidi tumshike miguu na mikono, na alichokuwa akipigia kelele ni “Mumuimbie! Mumuimbie!” Tata Isaya akaja mbio kutoka bloc, akaweka kiganja chake hewani juu ya paji la uso wa mama yule bila kumgusa, akaniuliza, “Diazepamu ulimupa?” Nikasema, “Nilimupa, Tata.” Alinitazama kwa huruma, akadhani ni mwili wa mama yule tu ambao ni mgumu. Jioni ile sikuomba. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba nikikaa katika ile buluu muda mrefu, naweza kumsikia Esiteri akivuta pumzi ya tano katika chumba chenye vitanda vinne. Nilihesabu, nikahesabu tena. Nilitaka mwanamke mmoja tu aende mbali zaidi ya wengine, akae zaidi, aulize swali langu na kuniletea jibu lake.

Masika alikuja mwezi wa tisa. Alikuwa ameolewa Beni, lakini mama yake mzazi alikaa Butembo, na alikuwa amepanda kwa mama yake kungojea mtoto wa kwanza. Uchungu ulikuwa umeanza juzi yake na mtoto hakushuka. Walimleta asubuhi, amechoka hadi ngozi imekuwa ya majivu, na bado anatania. Mama yake, mwanamke mnene wa maombi, alikuwa akiimba zaburi na kumpangusa jasho kwa wakati mmoja. Tulipomlaza juu ya meza, Tata Isaya akamuuliza yeye mwenyewe, “Binti yangu, unataka kwenda wapi?” Masika akafikiri. “Mahali kusikuwa mama mukwe.” Hata daktari, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka nyuma ya kitambaa chake. Tata Isaya akaenda kuandaa meza ya mtoto kule pembeni. Nikainama, nikanong'ona maneno yangu. Masika alinitazama. Hakushtuka kama wengine. “Esiteri wa wapi?” “Wa Lubero.” “Bon,” akasema, kama mtu aliyeagizwa chumvi sokoni. “Nitamuuliza.” Nikasukuma dawa, macho yake yakaanza ule mwendo wao wa polepole, nikayafunika kwa kitambaa chenye maji.

Mtoto alitoka upesi, wa kiume, akalia mara moja. Tata Isaya alimpokea akampeleka pembeni, mgongo wake kwetu. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa, akishona. Vidole vya Masika vikaanza kucheza, ambayo ni ishara kwamba dawa inapungua na anahitaji kidogo tu. Nilimwongezea kidogo, vidole vikatulia. Ilitosha. Ninataka ieleweke kwamba nilijua imetosha. Nyuma ya kichwa cha meza kulikuwa na kabati dogo la dawa, nami nilisogea pale, nikavuta dawa mara ya pili, nyingi, nikaisukuma kwenye mshipa kwa haraka, jinsi Tata Isaya alivyonikataza siku ya kwanza nilipoingia mle ndani. Halafu nikangoja. Nilichosikia kwanza ni ukimya. Ninyi msiofanya kazi hiyo mtashangaa, lakini katika chumba cha upasuaji pumzi ya mgonjwa ni kama saa ya ukutani: huisikii mpaka isimame. Tata Isaya aliusikia kutoka pembeni kabla mimi sijaelewa ni nini. “Kavira,” akasema bila kupaza sauti. “Anapumua?”

Alimlaza mtoto mezani, akaja, akanisukuma kwa bega, akamwinua Masika kidevu, akamfunika mdomo na pua kwa mpira wa kupumulishia, akaanza kuukamua. Midomo ya Masika ilikuwa ya rangi ya vile vioo vya chumba chetu. Daktari akauliza, “Kuko nini kule juu?” Tata Isaya akasema, “Inakuja, Docteur. Ushone tu.” Alihesabu kwa Kinande, kwa sauti ya chini, akafika mwisho wa hesabu yake akaanza tena, akaanza tena, na jasho lake lilidondoka kwenye kile kitambaa chenye maji machoni mwa Masika. Mtoto alikuwa akilia peke yake kule mezani. Mimi nilisimama nimeshika sindano tupu. Sijui ni dakika ngapi. Kisha kifua kikapanda chenyewe mara moja, kikakawia, kikapanda tena.

Alikaa katika chumba cha kuamkia tangu adhuhuri hadi saa kumi. Mama yake, aliyekwisha kusikia kwamba pumzi ilikatika, aliruhusiwa kuingia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kumzuia, na ndiye aliyeona macho yakirudi. “Mwanangu! Ulikuwa umekufa! Uliona nini?” Masika alilowanisha midomo. “Niliona yote,” akasema. “Uliona mbingu?” Masika alitazama dari. “Kulikuwa mwangaza?” “Mwangaza ilikuwa.” “Na Yesu? Na bamalaika?” “Kulikuwa mwangaza, mama,” akasema tena, na mama yake akatoka nje akaanguka magotini kwenye korido. Kabla giza halijaingia, jiko zima lilikuwa limepata habari. Jumapili kanisa lilipata. Na katika kila mdomo mbingu ile ilizidi kupambwa, mji ukaongezewa milango na mto. Ila mimi nilikuwa katika kile kiti chumbani, na nilimwona Masika akigeuza kichwa na kunitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayelinganisha sura na picha. Kuhusu Esiteri hakuniambia neno, na mimi, niliyekuwa nimemuua kidogo ili nisikie neno hilo, sikuthubutu kuuliza. Baada ya siku tisa walimchukua kurudi Beni.

Nadhani ningenyamaza mpaka leo. Niliyeshindwa kumvumilia ni Tata Isaya. Alianza kufunga kula kila Jumatano. Alivaa miwani, akaivua, akaomba nimsomee uzito wa wagonjwa kwenye karatasi. Mwezi wa kumi, tulipokuwa tukichemsha vyombo, aliniambia kwa unyenyekevu uliotaka kuniua, “Nimeisha kuambia Docteur niache kazi mwisho wa mwaka. Ule binti wa Beni, ni mie niliandika kilo vibaya. Macho imechoka. Nimelaza batu miaka makumi mbili, sasa karibu niue mutu.” Maji yalikuwa yakitokota kati yetu. Nikamwambia yote: sindano ya pili, zile diazepamu nilizoandika bila kuzitoa, yale maneno ya sikioni, Esiteri. Aliendelea kugeuza vyombo kwa koleo lake kimoja kimoja. Mwishowe akaniuliza, “Wa kwanza, yule aliona kitambaa ya kijani, ulimunong'onea?” “Hapana, Tata. Yule alisema mwenyewe.” Akanyoosha kidole dirishani. Kwenye kamba ya kuanikia zilining'inia nguo zote za bloc, mashuka, kofia, vitambaa vya kichwa vyetu sisi wauguzi, zote za kijani. “Na asubuhi unaimbaka ukifagia,” akasema. “Alikuona weye. Bengine baliota kile uliwapandia. Kavira, mutu anapokuwa pale ni kama udongo umelimwa. Ndiyo maana mie ninaulizaka ni wapi anataka kwenda. Nisipande changu.”

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza, wala hakunisamehe. “Si mie niliacha kupumua,” akasema. “Uende ku Beni umuambie yeye. Akisema uache kazi, utaacha. Akisema apeleke mambo kwa serikali, tutaenda wote wawili, na mie nitasema nilikuacha peke yako mbele ya kabati. Shauri yenye atakata, ni ile.”

Nilipanda lori la mafuta ya mawese siku ya Jumamosi, nikiwa nimefungasha vitu vyangu vyote katika sanduku la bati, kwa maana sikutegemea kurudi kazini. Barabara inashuka kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto, na kadiri tulivyoshuka ndivyo nilivyovua sweta, kisha kitambaa. Masika nilimkuta uani, mtoto mgongoni, sufuria ya maharagwe motoni. Mama mkwe alikuwa ameenda sokoni. “Mademoiselle wa bloc!” akasema. “Karibu. Uketi.” Sikuketi. Nilisema kwa kusimama, haraka, kama nilivyosukuma ile dawa. Kwamba hakufa kwa amri ya Mungu. Kwamba nilimzidishia kwa makusudi. Kwamba aliyoyaona, kama aliona kitu, yalitoka katika chupa ile. Kwamba anaweza kunipeleka popote anapotaka.

Alikoroga maharagwe, akayaonja, akaweka kijiko juu ya mfuniko. “Juu ya nini ulikuwa unalia?” akauliza.

“Lini?”

“Ile siku. Uliangalia mugongo ya ule muzee, ukaenda ku kakabati, ukavuta mara ya pili. Machozi ilikuangukia ku mukono. Ukapangusa hapa.” Akagusa blauzi yake, ubavuni, upande wa kushoto.

Ni kweli nililia. Sikumwambia Tata Isaya jambo hilo, wala mtu yeyote, na nilijipangusa hapo hapo alipogusa. Kabati lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Na macho yake nilikuwa nimeyafunika kwa mikono yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nimewalaza wanawake wengi kwa zaidi ya miaka thelathini, nimesoma juu ya dawa hiyo kila nilichopata kusoma, na naweza kueleza karibu kila kitu nilichosikia katika chumba cha buluu. Hicho siwezi. Nimekiacha mikononi mwa Yule asiyesinzia.

“Ulikuwa wapi?” nikamuuliza.

“Juu, karibu na taa. Mama yangu aliniuliza kama kulikuwa mwangaza, nikasema ndiyo. Taa ilikuwa hapa.” Akaweka kiganja karibu na shavu lake, na nusura acheke. “Ile ingine yote ni yake. Mumuachie. Imemupatia furaha, na batu banaomba sana juu yake.”

Sikuwa na haki ya kuuliza tena, na nikauliza. “Na Esiteri?”

“Nilimutafuta, mademoiselle. Uliniagiza, nikamuita na jina. Hapana mutu. Kulikuwa muzee, na Docteur, na mutoto yangu analia, na ule mwanamuke wa ku meza sikumujali. Na weye.” Mtoto alisogea mgongoni mwake, akamtikisa kidogo mpaka akatulia. “Usiache kazi. Mutu mwenye ameogopa hivi, ni yeye nitataka anilaze tena. Mais nikuambie kitu, na usiambie mama. Kule juu nilijisikia vizuri. Hapana kuumwa, hapana baridi. Ningebaki. Nikakuangalia, umesimama na ile sindano, na hakuna hata mumoja anakuangalia. Nikasema, huyu binti wa batu, nisiporudi batamufunga. Nikarudi.”

Kisha akamfungua mtoto, akanipa nimshike, akaenda kuepua maharagwe.